Kamba, sahani na furu: safari ya kupima Ghuba ya Mwanza

Jumapili, Nyegezi

Kwenye boti hii kila mtu ana kazi yake, na mimi nimepewa ya kuandika namba. Naandika kwa penseli, maana wino ukipata maji unaenea karatasi nzima. Mtaalamu wetu wa samaki, mama ambaye sote tunamwita Dokta, alinikabidhi fomu akanipa sheria moja tu: usichokiona usikiandike, na ulichokiona usikirekebishe eti kwa sababu safari iliyopita kilikuwa tofauti.

Tunaanzia Nyegezi kwa kuwa kazi ya kuhesabu ilianzia pande hizi. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwamo Frans Witte na Els Witte-Maas, walifika Mwanza kuwachunguza furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria wenye aina nyingi sana. Uchunguzi uliofanyika ziwa zima mwaka 1969 hadi 1971 ulikuwa umeonyesha kwamba takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ni furu. Kukawa na mpango wa kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Sasa, ukitaka kusaga kitu kwa tani, lazima kwanza ujue kipo kiasi gani. Wakaanza kuvuta wavu kwenye mstari uleule, kuanzia upande wa Butimba kukatisha ghuba, na badala ya kuishia kwenye mizani wakawatenga furu aina moja moja.

Hiyo tabia ya kutenga aina moja moja ndiyo iliyotuletea faida hadi leo. Ingekuwa mizani peke yake, tusingejua kilichopotea.

Jumatatu, Luanso

Tumeondoka alfajiri tukielekea kusini. Ghuba ya Mwanza ni mkono wa maji ulioingia nchi kavu makumi ya kilomita, na kadiri unavyozama ndani ndivyo kina kinavyopungua na maji yanavyozidi kuwa mazito. Kisiwa cha Luanso kiko huko ndani, karibu na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Nahodha, mtu aliyezeeka kwenye foleni ya kivuko, hachoki kulitazama. "Kilomita tatu za zege, mwandishi," ananiambia, kana kwamba amelimwaga yeye.

Kipimo cha kwanza ni sahani. Ni duara la bati lililogawanywa robo nne, nyeupe na nyeusi kwa kupokezana, likiwa limefungwa kwenye kamba yenye alama kila sentimita kumi. Unasimama upande wa kivuli wa boti, unaishusha taratibu mpaka isionekane, unasoma kamba. Unaivuta mpaka ionekane tena, unasoma. Namba yako iko katikati ya hizo mbili. Kasisi wa Kiitalia, Angelo Secchi, aliijaribu baharini mwaka 1865 ikiwa nyeupe tupu, na ukiacha robo nyeusi zilizoongezwa baadaye, hakuna aliyeiongezea la maana tangu hapo. Zipo mashine za mamilioni zinazopima mwanga ndani ya maji, lakini mashine hiyo haina mwenzake katika madaftari ya zamani. Sahani inaye. Mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham alizunguka Ziwa Victoria katika uchunguzi wa kwanza wa uvuvi wake, na katika maji ya wazi, mbali na ufuko, sahani ilionekana hadi mita saba au nane. Ilipopimwa tena miaka ya 1990 haikufika nusu ya hapo.

Hapa Luanso imepotea kwenye nusu mita hivi. Nilizamisha mkono hadi kiwiko, vidole vikawa vivuli tu. Nilipoutoa, vinyweleo vilikuwa vimeshika chembe za kijani kama unga wa mlenda.

Kijani hicho ni mwani, na mwani unalishwa na sisi. Udongo wa mashamba unaoshuka na mito, maji taka ya miji, hata moshi na vumbi la mashamba yanayochomwa, vyote vinaleta fosforasi na naitrojeni ziwani. Walioinua matope ya chini ya ziwa na kuyasoma tabaka kwa tabaka wamekuta kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, ukienda sambamba na ongezeko la watu na kilimo, yaani kabla ya mtu yeyote kumwaga humu sangara, samaki mkubwa mla samaki aliyeletwa kutoka nje. Naipenda sana hoja hii kwa sababu inatunyima mshtakiwa mmoja wa kumbebesha kila kitu.

Baada ya sahani tukatega nyavu ndogo kando ya mawe. Furu waliopanda ndio walionitoa jasho. Kwenye visiwa vya maji safi wanaishi ndugu wawili wenye mistari ya kusimama ubavuni: *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake ni kijivu lenye mapezi ya buluu, na *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni na njano ubavuni. Majike wote wawili ni wa rangi ya vumbi, na wao ndio wanaochagua dume kwa kumtazama rangi. Maji yakijaa mwani na tope, mwanga wa buluu haufiki mbali. Kinachobaki ni mwanga wa rangi ya machungwa, na jike hana cha kuchagulia. Ole Seehausen na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba hapo ndipo aina zinapoanza kuingiliana.

Kwa hiyo kwenye fomu yangu hakuna safu ya "aina gani" kwa hawa. Kuna safu ya alama, kutoka 0 hadi 4. Sifuri ni buluu tupu, 4 ni wekundu kamili wa nyererei. Dokta anamshika dume karibu na dirisha la boti, anamgeuza mara mbili, anataja namba. "Moja. Moja. Mbili. Moja. Mbili." Huku Luanso namba za pembeni ni adimu, ni kundi moja lenye rangi za kuchanganyika. Mvuvi wetu, kijana wa Sengerema, akauliza swali ambalo mimi niliona aibu kuuliza: "Sasa Dokta, hapa tumepoteza samaki au hatujapoteza? Maana ndoo imejaa."

"Ndiyo maana nakukataza kunipa jibu la ndoo," akamjibu.

Jumanne, visiwa vya Python na Kissenda

Siku ndefu yenye mambo machache. Maji ya huku kati yana afadhali, sahani inakwenda karibu na mita moja, na mara hiyo hiyo rangi zinaanza kutengana: buluu juu karibu na uso wa maji, wekundu chini kidogo. Alama za kati bado zipo, ila zimepungua. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vimeongeza utata: jozi hizi za ndani ya ghuba hazikutoka moja kwa moja kwa jozi ya visiwa vya nje. Zilichanganyika kwanza, kisha zikatengana upya hapa hapa. Kwa hiyo wataalamu siku hizi wanaandika "anayefanana na nyererei", na mimi naandika hivyo, ingawa safu ni nyembamba.

Mchana Dokta alinionyesha jike mwenye mashavu yaliyovimba. Alimbonyeza kidogo chini ya taya juu ya beseni, na vifaranga vikamwagika mdomoni mwake, vyenye macho makubwa na viini vya njano bado tumboni. Furu hulea mdomoni, jike halili siku hizo. Katika dakika moja vile vifaranga vilikuwa vimejikusanya pembeni mwa beseni, vikielekea kwenye kivuli cha mkono wangu. Samaki anayezaa mayai machache namna hii na kuyabeba mwenyewe hana haraka ya kujaza ziwa upya akishapunguzwa. Jike tukamrudisha na watoto wake, tukimwombea wamrudie mdomoni.

Kukata kipande cha pezi kwa ajili ya vinasaba, kukitia kwenye kichupa cha spiriti, kuandika namba ileile kwenye kichupa, kwenye samaki na kwenye fomu: hiyo ndiyo safari yenyewe kwa asilimia kubwa. Namba tatu zikikosana, samaki huyo hana maana tena.

Jumatano, mstari wa Butimba

Leo ndiyo siku ya wavu wa kuburuta chini, kwenye ule mstari wa tangu miaka ya 1970. Muda uleule wa kuburuta, mwendo uleule, saa zilezile. Nahodha hapendi, anasema upande wa pili wa mwamba kuna samaki zaidi. Kila safari anasema hivyo na kila safari anakataliwa.

Sangara alipandwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, upande wa Uganda na Kenya. Kwa muda mrefu hakuonekana sana huku. Kisha, katika miaka ya 1980, akalipuka Ghuba ya Mwanza. Kwenye vituo vya mstari huu na vingine vya ghuba, watafiti wa Leiden na wenzao wa Tanzania walikuwa wameshaandika aina 123 za furu. Baada ya 1986, takribani 80 kati ya hizo hazikupanda tena kwenye nyavu zao. Walikuja kupima kiasi cha samaki wa kusaga, wakajikuta wameshika daftari pekee lenye "kabla" na "baada" kwa undani wa namna ile. Ilikuwa ni bahati. Sehemu nyingi za ziwa hazina "kabla" yoyote, na hapo hata ukipima kwa mashine gani utabaki kukisia.

Wavu ulipopanda ulimwaga sangara wadogo, uduvi wengi, na furu wa fedha kiasi cha kujaza nusu ya karai. Nilishangaa. Nilidhani sehemu hizi furu walishakwisha.

Kuna waliorudi. Tangu miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wa maji ya kati walianza kuongezeka tena, lakini hawakurudi walivyokuwa. *Haplochromis pyrrhocephalus*, ambaye zamani alikula vijidudu vidogo vinavyoelea, sasa anakula pia uduvi na wadudu wakubwa zaidi, na mashavu yake, ile sehemu ya kuvutia hewa, yamepanuka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu maji ya chini yana oksijeni kidogo kuliko zamani. Yote hayo ndani ya miongo miwili hivi. Dokta alifunua kifuniko cha shavu kwa koleo akanionyesha: safu nyekundu zilizobanana, ndefu kuliko nilivyotarajia kwa samaki wa urefu wa kidole. Na sangara naye hakukaa kimya. Mary Kishe-Machumu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, na wenzake walipofungua matumbo ya sangara wa ghuba hii, walikuta kwamba furu waliporejea, sangara aliwarudia vilevile.

Hapa ndipo ninapokosana na watu wanaotaja tani. Ziwa Victoria linatoa samaki wengi leo kwa uzito kuliko enzi za babu zetu, na sehemu kubwa ya uzito huo ni dagaa. Ukiuliza mizani, ziwa lina afya. Mizani haijui kwamba waliokuwa mia sasa ni wachache. Haijui kwamba aliyerudi ana mashavu mengine na mlo mwingine, na haijui kama Luanso wawili wamekuwa mmoja. Hizo ni hasara za namna tatu, kila moja inataka kipimo chake, na hakuna hata moja inayoonekana kwenye risiti ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa.

Alhamisi, mwaloni

Upepo. Hatukutoka.

Tulishinda kibandani kwa mama lishe tukila sato na ugali wa muhogo, huku mabondo ya sangara, vile vibofu vyake vya hewa, yakianikwa mbele yetu kwa uangalifu kuliko nguo za harusi. Mezani walikuwapo wavuvi watatu wa rika tofauti, nikawauliza samaki wa ziwa hili ni wepi. Kijana alitaja sangara, dagaa, sato. Mwenye umri wa kati akaongeza gogogo, kambare na furu "wa chambo", wale wanaotungwa kwenye ndoano za migonzo. Mzee alisubiri wamalize, akaanza taratibu: ningu waliokuwa wakipanda mito wakati wa mvua, ngege wa asili, domodomo wa aina mbili, furu wa mawe, furu wa mchanga, furu wenye mdomo wa kuvunja konokono. Kijana akacheka: "Mzee, hao wengine umewaota." Mzee hakujibu, akaomba chai.

Ningu hakuota. Aliwahi kuwa samaki mkubwa wa biashara kwenye mito inayoingia ziwani, na nyavu zilizofungwa midomoni mwa mito zilimmaliza sehemu nyingi kabla sangara hajafika. Kijana naye hasemi uongo, anataja ziwa alilozaliwa akalikuta. Watafiti nao ni hivyohivyo: kama mwaka wako wa kwanza ni 1999, zilipoanza safari za kupima samaki kwa mawimbi ya sauti ziwa zima, basi "kawaida" yako ni ziwa lenye sangara.

Nje, mdiria mweusi-mweupe alikuwa akipiga mbizi kando ya gati. Yeye pia ameandikwa: zamani hapa ghubani alikula zaidi furu, walipopotea akahamia kwa dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mdogo, ilimpasa kuvua mara nyingi zaidi ili ashibe.

Jioni doria ilipita ikatafuta timba, nyavu zilizopigwa marufuku. Watu wawili waliondoka mezani bila kumaliza ugali.

Ijumaa, Makobe

Tumepita Mwanza mjini alfajiri, Jiwe la Bismarck mkono wa kulia bado likiwa jeusi, tukatoka nje ya ghuba kuelekea Ghuba ya Speke. Mabadiliko ya maji unayaona kabla hujapima. Povu la nyuma ya boti linaacha kuwa la kijani, linakuwa jeupe.

Makobe ni mawe tu, makubwa, yaliyopangana mpaka chini ya maji. Sahani ilishuka. Nikasoma mita moja, bado naiona. Mita moja na nusu. Robo nyeupe ikawa ya kijani, kisha ya buluu nyepesi, na ikapotea baada ya kupita mita mbili. Nahodha, ambaye huwa hajishughulishi na sahani, alisogea ukingoni kutazama.

Na hapa alama za Dokta zikabadilika kabisa. Nyavu za juu zilitoa sifuri, sifuri, sifuri. Nyavu za chini, mita chache tu zaidi, zilitoa nne. Nilimshika mmoja kabla hajaingia kwenye beseni: mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu wa njano uliokatwa na mistari myeusi, na kwenye pezi la chini nyuma, madoa mawili ya duara ya rangi ya chungwa, yanayofanana na mayai. Jike anayafuata madoa hayo akidhani ameacha mayai nje, na hapo ndipo mbegu zinapomfikia mdomoni. Macho ya samaki hawa wenyewe yametofautiana: wanaoishi chini wana protini za jicho zinazopokea vizuri mwanga mwekundu zaidi, wa juu hawana. Kwa hiyo utengano haupo kwenye rangi ya dume tu, upo kwenye jicho la jike pia, na vyote viwili vinategemea kina ambacho sahani ya bati inaweza kukupa kwa dakika tatu.

Furu wa mawe walisalimika na sangara kuliko wenzao wa maji ya wazi, maana sangara hapendi kuingia kwenye nyufa. Ndiyo maana bado tunao wa kuwapima. Jiwe halina kinga dhidi ya mwani. Nikipanga fomu za wiki, Luanso hadi Makobe, naona kama nimepewa miaka mingi kwa mpigo, ila si kweli, na Dokta alinikatiza nilipomwambia. Visiwa hivi havikuwahi kuwa sawa, alisema. Ghuba ya ndani ilikuwa na tope hata kabla ya watu kuwa wengi. Kulinganisha kisiwa na kisiwa kunakuambia maji machafu yanaweza kufanya nini. Kujua yamefanya nini, lazima urudi Makobe hiyohiyo, mwezi uleule, kwa sahani ileile.

Jumamosi, kurudi

Kituo cha mwisho kilikuwa na shida ambayo fomu haina safu yake. Karibu kabisa na alama yetu kuna vizimba vya sato, vipya, na mlinzi kwenye mtumbwi. Alitusalimia vizuri, "Mwadila," akatuomba tusikaribie kamba za nanga. Chakula cha samaki kinaelea hadi nje ya vizimba, na furu wadogo wamekusanyika kukila, wengi kuliko kituo kingine chochote cha safari hii.

Ubishi ulianza hapohapo. Kijana wa Sengerema alisema tusogee mita mia tano, hapa tutapata namba za uongo. Nahodha aliunga mkono, kwa sababu zake. Mimi nilikuwa upande wao: hesabu ya furu wanaokula pumba za mtu ni hesabu ya pumba.

Dokta alikataa. Ukihamisha kituo kila binadamu anapoweka kitu karibu nacho, alisema, mwisho utabaki unapima sehemu ambazo binadamu hajafika, halafu utangaze kwamba hakuna kilichobadilika. Vizimba vinaruhusiwa, vinalisha watu, na mabaki ya chakula chake yanaingia kwenye maji yaleyale tunayoyapima. Kituo kinabaki. Tutaongeza kingine mita mia tano mbele kama mwenzake, tuvisome viwili kuanzia sasa.

Tukatega nyavu mara mbili. Kwenye safu ya maelezo niliandika umbali hadi kizimba cha karibu, idadi ya vizimba, na upande upepo ulikovuma. Kituo kipya hakina namba bado. Dokta ameniambia nikiandike "B" mpaka tufike Nyegezi.